Mfuko wa nyongo ukigoma: dalili zilikuwa kwenye faili, nani alizisoma?

Jumanne moja thieta tulikuwa na wagonjwa wanne kwenye orodha, wawili wao wa mfuko wa nyongo, wa kutolewa kwa matundu madogo ya tumboni bila kulipasua tumbo. Wa kwanza mama wa miaka 34 kutoka Kisauni hapa Mombasa, mcheshi, mnene, ule unene ambao mtu akifika kwa machela nyote mwaangaliana kimya kimya. Wa mwisho mzee wa Majengo, miaka 63, mwembamba kama ufito, tumbo limeingia ndani kabisa, na daktari mmoja kijana akasema huyu twammaliza kabla chai ya saa kumi. Basi yule mama alichukua dakika 45. Yule mzee tulikaa naye saa tatu na nusu, mwisho matundu yakaachwa, akafunguliwa chini ya mbavu kwa kisu kama zamani, na magharibi inaadhiniwa sisi ndo twashona.

Mimi si daktari wa upasuaji nisije nikajipa cheo. Mimi ni nesi wa thieta na kazi yangu mara nyingi ni kushika kamera, manake kwa oparesheni ya matundu mpasuaji haangalii tumbo, aangalia tivii, na ile tivii yaonyesha pale mkono wangu ulipoelekea. Kioo kikiingia ukungu nakitoa naosha kwa maji ya moto narudisha, nikisinzia sekunde mbili natukanwa. Ndo kazi. Kwa hivyo nimekaa mbele ya mifuko ya nyongo mingi sana bila kukata hata mmoja, na mtu asiyekata hupata nafasi ya kufikiria.

Kesho yake mzee yuko wodini na paipu imemtoka ubavuni, akaniita, akaniuliza pole pole, "Sista, kwani mulikuwa hamujui?" Nikamjibu lile jibu ambalo sote tunalo mdomoni, kwamba baba mambo ya tumbo hayajulikani mpaka lifunguliwe. Akanyamaza. Lakini lile swali likanikaa, jioni nikaenda nikachukua faili lake nikasoma ukurasa kwa ukurasa, na nikaona haya. Alikuwa ameshalazwa mara mbili mwaka uliotangulia, homa, kutapika, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, mara zote akapewa dawa za dripu akapoa akaruhusiwa. Altrasaundi ilisema ukuta wa mfuko una unene wa milimita 6 na kuna jiwe limekwama shingoni. Yote yameandikwa, mengine kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri tu. Hakuna aliyejumlisha.

Hapo ndipo nataka tukae. Watu wengi, na madaktari wamo, huongea kama ugumu wa hii oparesheni ni bahati, kama vile kufika Likoni ukaikuta feri imejaa au iko tupu. Si kweli, au tuseme si kweli kwa sehemu kubwa. Na sitaki kuishia hapo kwenye kutabiri, manake ukizitazama vizuri hizo alama zinazotabiri ugumu utaona kubwa kuliko zote haipimi mwili wa mgonjwa, inapima tumemcheleweshaje.

Kwanza tuelewane ugumu ni kitu gani. Mfuko wa nyongo umejibandika chini ya ini, una mrija wake mdogo unaoungana na mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo, na una mshipa wake wa damu. Kazi yote ya siku ile ni kufunga klipu na kukata mrija mdogo na ule mshipa, halafu kuubandua mfuko, bila kugusa mrija mkuu. Basi. Siku nzuri ile ngozi laini inayofunika yajitenga kwa kuvutwa tu, unaona kila kitu kama samaki kwenye maji ya asubuhi. Siku mbaya uvimbe umeshakuja na kuondoka na kurudi, na kila kitu kimeshikana kama kaimati zilizotiwa sukari zikaachwa mpaka kesho, huwezi kutoa moja bila kurarua mwenzake. Tangu mwaka 1995 kuna kanuni ya Strasberg, mpasuaji wa Marekani, kwamba kabla hujakata chochote usafishe mafuta na nyuzi zote pale kwenye pembe kati ya mfuko, mrija mkuu na ini, ubandue sehemu ya chini ya mfuko kutoka kwa ini, na uone vitu viwili tu, viwili, vinaingia kwenye mfuko. Usipoona viwili hukati. Mrija mkuu ukikatwa kwa kudhaniwa ni ule mdogo, mgonjwa anarudi macho manjano na maisha yake yanabadilika, na hilo hutokea kama kwa watu 3 hadi 5 kati ya kila 1,000. Ni wachache, ila kila nikisikia ile hesabu nafikiria yule mmoja ndani yake ni mamangu.

Historia yake fupi. Mfuko wa nyongo wa kwanza ulitolewa Berlin mwaka 1882 na Langenbuch, tumbo likiwa wazi, na miaka zaidi ya mia baadaye, 1985, Mjerumani mwengine, Mühe, akaanza kuutoa bila kulipasua tumbo zima, wenzake wakamcheka kwanza. Sasa ndo njia ya kawaida kila mahali, na hapa kwetu mtu akiambiwa atatobolewa matundu manne na kesho yuko nyumbani hudhani ni kama kutoga masikio.

Haya, alama. Kuna Wahindi wawili, Randhawa na Pujahari, mwaka 2009 walitoa hesabu nyepesi sana, ya kuhesabika kwa vidole kitandani mwa mgonjwa, bila mashine ya ajabu. Jumla ni 15. Umri kupita miaka 50, alama 1. Mwanamume, 1. Unene, 1 au 2 kulingana na kiasi. Kovu la upasuaji chini ya kitovu, 1, likiwa juu ya kitovu, 2, na hapo wazee wetu walishasema mwenye kovu usidhani kapoa, manake ndani ya tumbo lenye kovu utumbo unaweza kuwa umeganda palepale unapotaka kutoboa. Mfuko ukigusika kwa mkono, 1. Ukuta mnene kuanzia milimita 4, alama 2. Maji yaliyozunguka mfuko, 1. Jiwe lililokwama, 1. Na kama ameshawahi kulazwa kwa ajili ya huo mfuko, alama 4. Nne, peke yake. Ukipata 0 mpaka 5 itakuwa nyepesi, 6 mpaka 10 ngumu, 11 kwenda juu ngumu sana. Walipoijaribu kwa wagonjwa 228, waliotabiriwa wepesi walitoka wepesi karibu 89 kwa mia, na waliotabiriwa wagumu walitoka wagumu 92 kwa mia.

Sasa nirudishe wagonjwa wangu wa Jumanne. Mama wa Kisauni, unene alama 2, mengine yote sifuri. Mbili! Mzee wa Majengo, umri 1, mwanamume 1, kulazwa 4, ukuta 2, jiwe 1, jumla 9. Tulimuogopa aliyekuwa na mbili tukamuwekea mpasuaji mkubwa na asubuhi mapema, na aliyekuwa na tisa tukamuweka mwisho wa orodha wakati watu wamechoka, mpasuaji mkubwa ameshaondoka kwenda kliniki yake, na trei ya vyombo vya kufungulia tumbo iko stoo haijachemshwa. Macho yalituhadaa. Unene unaonekana mlangoni, uvimbe wa mwaka jana hauonekani.

Na hilo la mwanamume limenichekesha kidogo, manake wanawake ndo wanaopata haya mawe zaidi, ila mwanamume akiyapata oparesheni yake ndo huwa nzito zaidi. Vitabu vina sababu zao, nyuzi, uvimbe, mafuta ya ndani. Mimi nawajua wanaume wa hapa. Maumivu yanamshika usiku, yuwajikunja, asubuhi yuko barazani na kahawa chungu na kashata asema ni gesi, na ukimwambia nenda hospitali akuuliza kwani nafa.

Ndo nikasema ile alama nne ndiyo inayoniwasha. Hebu fikiria mtu alifikaje hapo pa kulazwa. Ameenda harusini akala biriani, usiku maumivu chini ya mbavu kulia yanapanda mpaka begani. Akaenda kwa kemisti pale njiapanda, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, na bahati mbaya maumivu ya mawe huondoka yenyewe baada ya saa kadhaa kwa hivyo dawa ikapata sifa isiyokuwa yake. Mwezi ujao tena. Mwengine kaambiwa na shangaziye ni jicho la hasidi, mwengine kaambiwa na jirani ni presha. Mwaka unapita. Siku mawe yakiziba na mfuko ukavimba kweli, homa juu, ndo hospitali, na huko tunafanya nini? Twampoza. Dripu, dawa, siku tano, "nenda nyumbani uvimbe utulie, rudi baada ya wiki sita upasuliwe." Wiki sita zafika hana maumivu, kuna karo ya watoto, kuna mambo ya bima hayajakamilika, kuna mfungo wa Ramadhani, na mtu asiyeumwa haendi kukatwa. Anarudi miezi minane baadaye na shambulio la pili, na safari hii ile ngozi laini imekuwa gamba.

Huu utaratibu wa kupoza kwanza ulikuwa na maana yake enzi zile, na wako wapasuaji ninaowaheshimu wanaoushikilia mpaka leo. Ila Wajerumani walifanya jaribio lililotolewa mwaka 2013, wagonjwa 618 wenye mfuko uliovimba, kundi moja wakapasuliwa ndani ya saa 24 tangu walazwe, kundi jengine wakapozwa kwa dawa wakapasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Kufikia siku ya 75, waliopata matatizo kundi la mapema walikuwa 11.8 kwa mia, kundi la kungoja 34.4 kwa mia. Mara tatu, tena kule ambako kungoja ni wiki na siyo mwaka. Na sisi wa kushika kamera twaliona hilo kwa macho, siku mbili tatu za mwanzo uvimbe umejaa maji, unatenganisha kwa kusukuma tu kwa ncha ya paipu ya kufyonzea. Ukingoja maji yanageuka nyuzi.

Kwa hivyo tukimpa yule mzee alama nne za kulazwa, ni kama tumeandika deni letu kwenye jina lake. Alilazwa mara mbili. Mara mbili alikuwa kitandani kwetu, hali ya kuweza kupasuliwa anayo, na mara mbili tulimfungulia mlango aende.

Sasa kuna watakaosema sawa, tuchukue hizo alama tuzitundike ukutani mambo yaishe. Taratibu kidogo. Wale wagonjwa 228 walipasuliwa na mpasuaji mmoja mzoefu, mmoja, na ugumu wao ulipimwa kwa mambo kama dakika zilizokwenda, chini ya 60 ni nyepesi, zaidi ya 120 au kufunguliwa tumbo ni ngumu sana. Saa ya mzoefu si saa ya kijana anayejifunza. Mfuko uleule ukimpa bingwa ni saa moja, ukimpa mwengine ni saa mbili na jasho, kwa hivyo namba siyo ya mfuko peke yake, ni ya mfuko na mkono unaousubiri. Na mzee wangu mwenyewe alitabiriwa ngumu akatoka ngumu sana. Namba ilielekeza njia sawa, umbali ikakosea.

Kuna hesabu nyengine ya Uingereza, ilitengenezwa kwa wagonjwa 8,820 wa hospitali 166, yenyewe inatabiri kitu kimoja tu, kama matundu yataachwa na tumbo kufunguliwa, jambo ambalo kwao lilitokea kwa watu chini ya 4 kati ya 100. Wao wanaangalia umri, jinsia, ukuta, upana wa mrija mkuu, sababu ya kupasuliwa, na kitu ambacho ile ya India haina, hali ya afya ya mgonjwa kwa jumla vile daktari wa usingizi anavyomuweka daraja. Na hiki kwetu Pwani kina uzito wake. Sisi tuna sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wa sikoseli damu yake huvunjika kila siku na mabaki yanageuka mawe meusi kwenye nyongo, kwa hivyo utaona kijana wa miaka 17 kutoka Kilifi ana mawe kama mzee. Mpigie hesabu ya India, kijana, mwembamba, hana kovu, ukuta mwembamba, atapata labda 1. Mwepesi! Wakati huyo ndo wa kuandaliwa kuliko wote, maji, oksijeni, asipate baridi thieta, damu iangaliwe kabla, manake ugumu wake haupo kwenye zile dakika za kukata, upo usiku ule baada ya oparesheni akiamka mifupa inamuuma na kifua kinabana. Namba isiyouliza sikoseli hapa kwetu ni namba ya kusomwa jicho moja likiwa limefumbwa.

Tatizo la pili ni altrasaundi zenyewe. Alama tatu nne kati ya hizo zatoka kwenye picha, na ripoti nyingi zinazofika thieta zimeandikwa mstari mmoja, kuna mawe, mwisho. Unene wa ukuta haupo. Jiwe lilisogea mgonjwa alipogeuzwa ubavu wa kushoto au halikusogea, halipo, na hilo ndilo linalokwambia kama limekwama. Simlaumu mpiga picha, ana foleni mpaka mlangoni, na daktari aliyemtuma aliandika "maumivu ya tumbo" basi, kila mtu amejibu swali aliloulizwa. Halafu kuna la wagonjwa wenyewe. Mtu anaambiwa aje hajala kitu, kapitia Mwembe Tayari kapiga mahamri na mbaazi na chai ya maziwa, kafika anaapa hajala. Mtu akishakula mfuko wa nyongo hujikamua, na ukijikamua ukuta unaonekana mnene kuliko ulivyo. Kaimati mbili tu zaweza kukupa alama mbili za bure.

Namba ikishapatikana ni ya nini basi? Hapa nina wasiwasi wangu. Naogopa siku itakayotumika kukataa watu, hospitali ichukue wenye 2 na 3 ipate sifa, wenye 9 wasukumwe kwa mwenzao. Kazi yake iwe kupanga, nani anamshika huyu, saa ngapi, wapi, na nini kiwe tayari. Mwenye 9 awe wa kwanza asubuhi watu wakiwa na macho. Mpasuaji mkubwa awe ndani, siyo kwa simu. Damu iwe imepimwa kundi, trei ya kufungulia iwe imechemshwa iko kwenye meza ya nyuma. Na kama pale hakuna mtu wa kazi hiyo, mgonjwa apelekwe penye mtu kabla hajatobolewa, siyo katikati.

Tena aambiwe. Hiki kimenikera miaka. Ile fomu ya idhini mgonjwa anaisaini usiku taa ikiwa hafifu, anaambiwa ni matundu manne madogo, na hapo chini kwa maandishi ya kichwa cha pini pameandikwa yaweza kubadilishwa kuwa ya kufungua. Mtu mwenye 9 ana haki ya kuambiwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, baba wewe ni miongoni mwa wale ambao yaweza kutushinda kwa matundu, tukiona hatari tutafungua, au tutaacha kipande cha mfuko kilichoganda tusije tukakata mrija mkuu, na hapo tutakuwa tumekulinda siyo tumekuharibu. Yule mzee alidhani tumemharibu. Watoto wake walidhani hivo pia, mmoja alikuja na simu anarekodi. Mpasuaji alifanya jambo la sawa kabisa kufungua, na bado alionekana mwenye makosa kwa sababu ya maneno yasiyosemwa siku iliyotangulia.

Siku hizi nina kawaida yangu, hakuna aliyenituma. Asubuhi kabla orodha haijaanza napita kwenye mafaili, najumlisha, naandika namba ndogo kwa maka pembeni ya jina kwenye ubao. Mwanzo walinicheka. Wiki jana niliandika 10 mbele ya mama mmoja wa Likoni aliyekuwa wa nne, daktari akaiangalia, akaniuliza hii ni ya nini, nikamweleza, akafuta akamuweka wa kwanza. Saa mbili na dakika kumi, jasho, ila matundu yaleyale manne, hakufunguliwa. Siku hiyohiyo kuna kijana niliyemuandikia 3, nikamwambia msaidizi wangu huyu chai haitapoa, na chai ikapoa, ikamwagwa, ikachemshwa nyengine.